Kupatwa kwa Mwezi: Elimu Isiwe ya Wachache

Jioni ya Jumapili, tarehe 31 Desemba, 2028, wakati wananchi wa Issuna mkoani Singida watakapokuwa wakijiandaa kuukaribisha mwaka mpya, mwezi mpevu utachomoza ukiwa umekwisha kumegwa na kivuli. Kiasi cha saa 1.16 usiku utazama wote katika kivuli hicho, na kwa muda wa dakika 71 utaonekana mwekundu kama shaba. Hakuna mganga aliyeagua jambo hilo. Wanafalaki wamelipiga hesabu, na hesabu hiyo ni mali ya mtu ye yote aliye tayari kujifunza.

Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Huangazwa na Jua. Dunia nayo huangazwa upande mmoja, na upande wa pili hutupa kivuli kirefu. Kila baada ya siku 29 na nusu hivi, Mwezi hufika upande huo wa pili, nao ndio mwezi mpevu. Lakini haupatwi kila mara, kwa sababu njia yake imeinama kiasi cha nyuzi 5, hivyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli. Siku Jua, Dunia na Mwezi vinapokaa katika mstari mmoja ndipo Mwezi huingia kivulini. Wekundu wake si damu wala ghadhabu. Ni mwanga wa Jua uliopenya katika hewa inayoizunguka Dunia, ukapindwa, ukaufikia Mwezi. Ni wekundu ule ule wa machweo.

Yako madhara watu wanapoachwa bila ya kulijua jambo hili. Mwaka 1504, Christopher Columbus alikwama Jamaica na merikebu zake mbovu, na wenyeji walikuwa wamechoka kuwalisha mabaharia wake. Kitabu chake cha falaki kilimwonyesha kwamba usiku wa 29 Februari mwezi ungepatwa. Akawatisha wenyeji kwamba Mungu wake angeuondoa mwezi kwa kuwakasirikia. Mwezi ulipopatwa, watu wakamletea chakula mbio. Hawakushindwa kwa bunduki. Walishindwa kwa ukurasa mmoja ambao wao hawakuusoma.

Tanzania ilikwisha kulitambua jambo hilo pale Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shabaha haikuwa kusoma na kuandika tu, bali mtu kuyaelewa mazingira yake na kuacha kuyaogopa.

Hivyo walimu wa Issuna, na wa po pote nchini, wasingoje siku yenyewe. Desemba 31 shule zitakuwa zimefungwa. Somo lazima lifundishwe kabla ya likizo. Halihitaji maabara. Taa ya chemli iwe Jua, chungwa liwe Dunia, ndimu iwe Mwezi. Mtoto akiipitisha ndimu nyuma ya chungwa atakiona kivuli kwa macho yake. Usiku wenyewe, kuanzia kama saa 2.27, mwezi utakapokuwa ukitoka kivulini, atazame ukingo wa kivuli hicho: ni wa mviringo, kwa kuwa Dunia ni mviringo. Watumishi wa serikali nao walitangaze jambo hili katika mikutano ya vijiji, wakiwaeleza wananchi kwamba kuutazama mwezi uliopatwa hakudhuru macho, tofauti na kulitazama jua.

Desemba ni majira ya mvua huko Singida, na mawingu yaweza kuuficha mwezi. Hilo lisiwe kisingizio. Alfajiri ya 26 Juni, 2029, wakati wa kiangazi, mwezi utapatwa wote tena kuanzia kama saa 11.31, nao utatua ungali mwekundu.

Asiyeelezwa ataogopa, na mwenye hofu hukosi mtu wa kumtisha ili apate kumla. Wajibu wa mwalimu ni kuhakikisha kwamba usiku huo, Issuna nzima itatazama juu bila ya hofu.