Usilete Kalamu Pekee, Leta na Daftari



Leo nataka kusema na wewe mzazi mwenye mtoto wa sekondari, na wewe kijana unayesoma ujumbe huu kwa simu ya mama. Nipe dakika chache tu.

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, kalamu huletwa madhabahuni. Kalamu, rula, kikokotoo, vyote vinapangwa mbele. Tunaviombea, tunavipaka mafuta, tunasema Amina. Mimi sipingi maombi hayo, na mwaka huu nitayaomba tena. Linalonisumbua ni kwamba kalamu inaletwa Oktoba, na daftari halijaulizwa tangu Januari.

Msimamo wangu ni huu, na najua si kila mtumishi atakubaliana nami. Mtoto wako aliyekata tamaa na masomo mara nyingi hana pepo la uzembe. Hajaonyeshwa namna ya kujifunza. Jambo ambalo mtoto hajaonyeshwa haliondoki kwa kukemewa. Anahitaji kuonyeshwa.

Hebu tuone anavyopotea. Tangu 2018 serikali ilipoanza kusisitiza kwamba kila mtoto anayemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, watoto wetu wengi wamepata kiti darasani. Tunamshukuru Mungu. Lakini kupata kiti si kupata somo. Mtoto wa Remba anavuka maji kwenda shule ya bweni. Karo ikichelewa, anafika wiki mbili baada ya wenzake. Katika wiki hizo mbili mwalimu amefundisha mada ambayo mada nyingine zote zinakaa juu yake. Mtoto anaanza kunakili asichoelewa. Muhula wa pili ananakili nusu. Muhula wa tatu anaacha kunakili. Ukimuuliza, hatakwambia, "Baba, nimepotea." Atakwambia, "Somo linaboa."

Ziwa nalo linamwita. Likizo akiingia kwenye boti usiku mmoja, asubuhi ana pesa mkononi. Shule inamwambia asubiri miaka. Na binti yetu je? Msichana ambaye darasani anajiona hafai kitu, wa kwanza kumwambia anafaa anaweza kuwa mwanamume wa boti mwenye samaki. Jaboya tunaijua hapa ufukweni, tusijifanye wageni. Kwa hiyo habari hii ya daftari si habari ya alama peke yake. Ni habari ya mtoto wako kubaki mikononi mwako.

Utaniuliza, "Pastor, imani iko wapi?" Fungua Danieli sura ya 1. Mungu ndiye aliyewapa Danieli na wenzake maarifa na ujuzi, mstari wa 17 unasema wazi. Lakini rudi mstari wa 5: waliwekewa miaka mitatu ya mafunzo. Vijana wa maombi kama wale walikaa chini wakajifunza lugha na maandiko ya Wakaldayo. Upako haukuwafutia darasa. Mungu aliwabariki wakiwa ndani ya darasa.

Sasa nikuulize wewe mvuvi. Ni nani hapa Remba aliyejifunza kushona wavu kwa kumtazama mjomba wake akishona? Ulitazama, kisha ukapewa wavu uliochanika. Ukakosea, ukafumua, ukashona tena kesho yake. Basi mbona mtoto wako tunamwambia asome kwa kutazama tu kurasa mpaka macho yachoke? Haya mambo matano mpe mwanao, awe kidato cha tatu au Gredi ya 10.

1. TAFUTA MAHALI WAVU ULIPOCHANIKA. Usimwambie, "Soma kwa bidii." Hilo halimsaidii mtu asiyejua aanzie wapi. Mwambie akuonyeshe mada ya mwisho aliyoielewa vizuri. Hata kama ni ya kidato cha kwanza na yeye yuko cha tatu, aanzie hapo bila aibu. Achague somo moja na mada moja kwa wiki. Mtu aliyekata tamaa anahitaji kushinda mara moja, hata kama ushindi ni mdogo, ndipo aamini kwamba anaweza tena.

2. FUNGA KITABU, UJIULIZE. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara ya pili. Kundi lingine liliweka kifungu kando na kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiuliza walikumbuka asilimia 56 hivi, waliorudia kusoma asilimia 42. Unaona hila hiyo? Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua. Mtihani hauulizi hisia. Kijana, soma kurasa mbili, funga kitabu, andika ulichokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha.

3. RUDI TENA KABLA HUJASAHAU. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kwamba tunachokariri hutoroka kwa kasi katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi siku moja. Sasa soma Kumbukumbu la Torati 6:7. Wazazi wa Israeli waliagizwa kuwafundisha watoto maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Kidogo kidogo, kila siku. Hivyo mada ya leo irudiwe kesho kutwa, irudiwe wiki ijayo, irudiwe mwezi ujao. Kesha ni kwa maombi. Kesha la kusoma usiku wa kuamkia mtihani halijengi mtu.

4. MFUNDISHE MAMA. Mama, najua utasema, "Mimi niliachia darasa la sita, kemia nitaijulia wapi?" Huhitaji kuijua. Katika Matendo 8:30 Filipo alimuuliza yule towashi kama anaelewa anachosoma. Swali moja tu, na mlango ukafunguka. Wewe ukiwa unaanika omena, mwambie mwanao, "Nifundishe ulichosoma jana kwa maneno ya hapa nyumbani." Akieleza ukaelewa, amejua. Akikwama, amegundua mahali pa kurudi. Na wewe baba unayevua omena, mbalamwezi ikiwaka hutoki, kwa sababu taa yako haivuti kitu. Usiku hizo ukae na mwanao.

5. ANDIKA MAKOSA YAKO. Chukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, jibu, sahihisha. Kila ulipokosea, andika kwenye daftari la pembeni: nilikosea nini na kwa nini. Daftari hilo ndilo la kusoma mtihani ukikaribia. Wengi hutupa karatasi wakiona alama nyekundu. Hapo wanatupa mwalimu wao bora.

Na mzazi, mwonyeshe mwanao kwamba elimu hii haikuanguka kutoka nchi ya mbali. Muulize: boti imeuza samaki wa shilingi 18,000, petroli imekula 4,500, mwenye boti amechukua nusu ya kilichobaki, wavuvi watatu wanagawana sehemu iliyosalia. Kila mmoja anapata ngapi? Kijana wa Remba atakujibu 2,250 kabla hujamaliza kuuliza, na huyo huyo anaambiwa hajui hesabu! Upepo unaotoka nchi kavu usiku na kutoka ziwani mchana ni jiografia. Mbuta aliyeletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, akala fulu mpaka aina nyingi zikatoweka, ni biolojia. Na kwa sababu mbuta mwenyewe sasa anapungua, kijana anayesema ziwa litamtunza milele, mwambie akamuulize babu yake zamani boti ilikuwa inarudi na nini.

Kuhusu kiboko: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza viboko shuleni, lakini nyumbani bado kuna anayeamini fimbo itaingiza aljebra kichwani. Fimbo inaweza kumlazimisha mtoto kukaa mbele ya kitabu. Haiwezi kumlazimisha kuelewa. Na ulimi unachapa kuliko fimbo. Acha kumwita mwanao kichwa ngumu mbele ya wageni. Jina hilo analibeba mpaka kwenye chumba cha mtihani.

Tena nina neno kwa makanisa yote ya kisiwa hiki. Nyumba zetu ni chumba kimoja cha mabati. Jirani anapiga muziki, watu wanapita usiku kucha. Mtoto atasomea wapi? Sisi tuna ukumbi, tuna viti, tuna taa. Napendekeza likizo ikifika tufungue milango jioni, saa moja mpaka saa tatu, spika zizimwe, na watoto wote wa sekondari waje, wa kanisa letu na wa jirani, Mkenya, Mganda na Mtanzania. Simu zikae kwenye kikapu mlangoni. Awepo mtu mzima wa kuketi nao, msichana asirudi nyumbani peke yake gizani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkutano mmoja wa injili, na hiyo pia ni huduma. Yesu mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili alipatikana hekaluni, ameketi na walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Luka 2:46. Hekalu lilikuwa na nafasi kwa mtoto anayeuliza. Letu lina nafasi?

Kijana, neno la mwisho ni lako. Kama umeachwa nyuma, hujalaaniwa. Petro alivua usiku kucha asipate kitu, na Bwana akamrudisha kwenye maji yale yale, na nyavu zile zile. Na wewe rudi. Anza na kurasa mbili leo.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, wakumbuke watoto wa Remba. Wape wazazi uvumilivu wa kuketi nao. Mpe kila mtoto aliyekata tamaa ushindi mmoja mdogo wiki hii. Na kalamu zitakapoletwa mbele zako Oktoba, zikute mikono iliyofanya kazi. Amina.

Mpendwa, kabla hujaandika Amina hapo chini, weka simu kando kwanza. Mwite mwanao, mwambie alete daftari.