Kujua Kukoma Nako ni Ujuzi

Mnamo Februari 1990, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Rais Daniel arap Moi alizindua gari la Nyayo Pioneer. Kazi hiyo ilianza mwaka 1986, alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa baya na la mwendo wa pole. Magari matano ya majaribio yakaundwa, lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafifia.

Hadi leo wengi huutaja mradi huo kwa kejeli. Mimi sioni haki katika kejeli hiyo. Wahandisi wetu waliulizwa iwapo Mkenya aweza kuunda gari, nao wakajibu kwa vitendo. Hata hivyo, jibu hilo halikutosha. Kitu kipya huhitaji majibu ya maswali mengine mawili: nani atakinunua, na mtaji wa kiwanda utatoka wapi? Maswali haya hayana budi kuulizwa mapema, wakati kukoma bado ni rahisi.

Wala tusidhani kwamba hii ni ila ya mataifa machanga. Mwaka 1962 Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuunda ndege ya Concorde. Miaka miwili baadaye serikali mpya ya Uingereza ilitaka kujiondoa kwa sababu ya gharama, ikakuta mkataba hauna kifungu cha kujitoa. Safari ikaendelea. Hatimaye ziliundwa ndege 20 tu, zile za majaribio zikiwemo, na abiria wakasafirishwa na mashirika ya nchi hizo mbili. Mlango wa kutokea ulisahauliwa siku nyumba ilipojengwa.

Sasa na tutazame mfano wa hapa nyumbani. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliohusika katika jaribio hilo wakaonekana wakitumiana pesa wao kwa wao. Safaricom haikung'ang'ania lengo la awali. Ilipozindua huduma hiyo Machi 2007, iliinadi kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Jaribio dogo liliamua kipi kiachwe na kipi kiendelezwe.

Kwa maoni yangu, yafaa masharti ya kuendelea au kukoma yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, kwani baadaye mapenzi hutia upofu. Hukumu naye aitoe mtu asiyekuwa na fahari ya kulinda. Fauka ya hayo, fedha zilizokwisha kutumika zisiwe hoja ya kutumia nyingine. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Enyi walimu, somo hili laweza kuanzia katika maonyesho ya sayansi ya shule za upili. Aghalabu tuzo humwendea mwenye chombo kinachong'aa mezani. Je, yule mwanafunzi aliyepima, akaona wazo lake halifai, akaliacha na kueleza kwa ushahidi sababu za kuliacha, hupata alama ngapi? Tukimnyima, tutakuwa tunawalea mameneja na mawaziri wa kesho wasiothubutu kutamka neno "basi", na gharama ya ukimya wao italipwa na mwananchi.