Filamu Zetu Fupi Zimeipita Manzese

Kila msimu wa matamasha kilio ni kilekile: watengenezaji wa filamu fupi na dokumentari hawana fedha. Ni kilio cha haki. Kamera hukodishwa, na fundi wa sauti naye ana watoto. Ila tumekizoea kiasi cha kusahau swali linalofuata: filamu ikishakamilika, itatazamwa wapi?

Chukua Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu ya dakika kama 20 iliyotoka 2009. Sehemu ya fedha zake ilitoka Goethe-Institut ya Ujerumani, picha zikapigwa Afrika Kusini, na mwaka 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Miaka kumi baadaye Softie ya Sam Soko ikafika hukohuko, safari hii miongoni mwa waliochangia ikiwemo Docubox, mfuko wa dokumentari ulioanzishwa Nairobi na Judy Kibinge. Upande wa kutengeneza, basi, tumesogea. Upande wa kuonyesha njia ni ileile: ughaibuni kwanza, kisha usiku mmoja katika kituo cha utamaduni cha ubalozi fulani, sambusa na juisi, na watazamaji ni sisi kwa sisi.

Kinachoniudhi zaidi ni The Letter ya Maia Lekow na Christopher King. Inahusu wazee wa pwani ya Kenya wanaosingiziwa uchawi, na chini ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi. Hiyo ni kesi ya Kilifi, ya wajomba na wapwa wanaojuana. Ilianza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 2019. Waholanzi hawana shamba la kugombea huko.

Ukiuliza kwa nini filamu hizi haziwafikii watu wa nyumbani, jibu la haraka ni kwamba mtazamaji wa kawaida anataka ngumi na mapenzi. Sikubaliani. Kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam lilitoa mwaka 2023 dokumentari fupi, Apostles of Cinema, inayotuingiza katika vibanda umiza, kumbi ndogo za video za mitaani ambako watu hulipa kiingilio na kubanana kwenye mabenchi. Humo yumo DJ Black, mtafsiri anayesimulia filamu kwa Kiswahili, na zimo juhudi za kuirudisha Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya 2001, mbele ya watazamaji wa Kitanzania. Maangamizi si filamu ya ngumi. Ni filamu nzito, yenye mizimu na machungu ya familia, na bado kuna walioona kwamba inastahili kupelekwa kibandani, mradi isimuliwe kwa Kiswahili. Kabla ya DJ Black tulikuwa na mtafsiri mwingine, Lufufu, aliyemfanya jambazi wa Hong Kong aongee kama konda wa daladala.

Kwamba filamu inaweza kuwafuata watu walipo na kuelezwa kwa lugha yao, wakoloni waligundua zamani. Kati ya 1935 na 1937 mradi uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 na kuzizungusha vijijini kwa lori, pamoja na maelezo kwa lugha za wenyeji. Ujumbe wake ulikuwa wa bwana kwa mtwana, lakini lori lilifika.

Pingamizi zenye uzito zipo. Kibanda huishi kwa nakala zisizo na kibali, na kuvirasimisha vibanda kunaweza kuishia kwa mgambo kubeba televisheni. Sheria ya filamu ya Tanzania ya 1976 inadai idhini kabla ya kuonyesha hadharani. Kenya nako, I Am Samuel ya Peter Murimi ilipigwa marufuku mwaka 2021, na hakuna mwenye kibanda atakayehatarisha riziki yake kwa dokumentari ya watu wengine. Halafu kuna mtafsiri mwenyewe: kazi yake ni kuchangamsha, naye hujaza kila ukimya kwa utani. Kwenye filamu ya kubuni namruhusu. Kwenye dokumentari, maneno ya bibi anayeeleza jinsi alivyoitwa mchawi hayafai kutiwa chumvi, na hapo mwongozaji na mtafsiri inabidi wakae pamoja na kukubaliana maneno kabla ya maikrofoni kuwashwa. Urefu si tatizo kabisa. Filamu fupi nne zinatosha kiingilio kimoja.

Tanzania sasa ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaowakopesha wasanii. Mkopo hurejeshwa, na filamu ya dakika 20 isiyo na mahali pa kuuzwa haiwezi kurejesha kitu. Hivyo anayedai fedha zaidi za kutengeneza bila kugusa maonyesho anawaombea vijana madeni. Ningependa wakopeshaji na wafadhili, wa ndani na wa nje, waanze kudai mambo mawili: katika bajeti wanazoletewa, malipo ya mtafsiri na ya vibanda vitakavyoionyesha filamu, na katika mkataba, haki ya kuionyesha vibandani bila kusubiri tamasha la mbali limalize zamu yake. Yaandikwe mwanzoni, wakati fedha bado zipo mezani. Filamu ikishafungwa na kupelekwa Ulaya, hakuna anayerudi kulipia benchi la kibanda cha Manzese, Dar es Salaam.