NJIA YA HEWA KATIKA INJINI YA DIZELI: MAONI KUHUSU UTARATIBU WA KUUNDA ISTILAHI ZA UFUNDI

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili umepiga hatua zisizoweza kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Kwa hiyo hoja ya kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na ufundi imekwisha jibiwa. Iliyobaki ni hoja ya utaratibu: mwanaistilahi anayetaka kuupa mtambo majina aanzie wapi?

Mara nyingi kazi huanzia kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza iliyopangwa kwa alfabeti. Kila neno hutafutiwa kisawe, kisha mtu huhamia kwenye neno linalofuata. Orodha ya namna hii inafaa kwa msomaji wa kamusi, lakini kwa mwundaji wa istilahi ina kasoro kubwa. Katika injini ya dizeli yenye tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ambacho mafundi wamekwisha kukipa jina hilo, sehemu zinazopakana na kutegemeana hutawanywa na alfabeti: tabo iko kwenye herufi T, kipoza hewa yake kwenye I, na mlango unaoizuia kuzidisha kasi uko kwenye W. Anayeshughulikia kila neno peke yake haoni kwamba vitu hivyo vitatu ni viungo vya mwili mmoja.

Makala haya yanatetea rai kwamba istilahi za mtambo ziundwe kwa kufuata kazi ya mtambo wenyewe, hatua kwa hatua, na ndipo zipangwe kwa alfabeti. Mfano utakaotumika ni mfumo wa kuingiza na kudhibiti hewa katika injini ya dizeli. Injini hii ndiyo inayovuta malori na mabasi ya Afrika Mashariki, na vijana wengi wanaojifunza kuitengeneza husikiliza maelezo kwa Kiswahili huku kitabu cha mtengenezaji kikiwa cha Kiingereza.

2.0 Safari ya Hewa

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia mafuta. Hewa huingia katika silinda, pistoni huishindilia mpaka ujazo wake upungue mara 16 hadi 20 hivi, na joto lake hupanda kupita nyuzi 500 za Selisiasi. Hapo ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hii mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897.

Nguvu ya injini hutokana na mafuta yanayoungua, lakini kiasi cha mafuta kinachoweza kuungua hutegemea hewa iliyopo. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Aidha, kwa kuwa mafuta na hewa hukutana kwa muda mfupi mno ndani ya silinda, injini hupewa hewa zaidi ya kiasi hicho. Hewa ikipungua au mafuta yakizidi, sehemu ya mafuta hugeuka masizi, na moshi mweusi huonekana.

Tabo ni jibu la upungufu huo. Wazo la kutumia nguvu iliyobaki katika moshi kusukumia hewa liliwekewa hataza na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Moshi wa moto unaotoka katika silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti fupi na gurudumu jingine, ambalo huvuta hewa safi kupitia chujio na kuishindilia kuelekea kwenye injini. Katika magari, shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana dereva aliyetoka kupanda mlima na mzigo hushauriwa aiache injini ingurume taratibu kwa muda kabla ya kuizima: oili ikikatika ghafla wakati tabo ina moto mkali, ile iliyobaki huungua na kuganda katika beringi.

Hewa ikishindiliwa hupata joto, na joto huitanua tena. Kwa mfano, hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa mpaka shinikizo lake liwe maradufu, joto lake hupita nyuzi 100, na uzito wake katika ujazo uleule huongezeka takriban mara moja na nusu tu. Ikipozwa hadi nyuzi 50, uzito huo hukaribia mara 1.9. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa kipoza hewa baina ya tabo na silinda.

Umuhimu wa jambo hili huonekana katika barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Lori huondoka usawa wa bahari na kufika mahali penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribiana na upungufu huo. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya hasara.

3.0 Udhibiti wa Hewa na Mafuta

Tabo ikiachwa bila kizuizi huweza kusukuma hewa kupita kiasi na kuharibu injini. Kwa hiyo injini nyingi huwekewa mlango mdogo upande wa moshi. Shinikizo la hewa likifikia kiwango kilichowekwa, mlango hufunguka na sehemu ya moshi hupita kando bila kuligusa gurudumu. Injini nyingine hutumia vibao vidogo vinavyogeuka kulizunguka gurudumu la moshi. Injini inapokwenda polepole, vibao hubana njia ili moshi upite kwa kasi, kama mtu anayeziba nusu ya mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Kasi ikiongezeka, njia hupanuliwa.

Upande wa mafuta nao una mlinzi wake. Katika pampu nyingi za zamani mna kiwambo kinachopokea shinikizo la hewa kutoka kwenye tabo. Shinikizo likiwa dogo, kiwambo huzuia pampu isitoe mafuta mengi. Likipanda, kiwambo husukumwa na mafuta huruhusiwa. Katika injini za siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta inayopokea vipimo vya shinikizo, joto na wingi wa hewa. Kompyuta hiyo pia huendesha valvu inayorudisha sehemu ya moshi katika silinda ili kupunguza joto la mwako na, kwa njia hiyo, oksidi za nitrojeni.

Kutokana na maelezo haya, kanuni moja inadhihirika: katika mfumo huu kila sehemu huitikia hali ya sehemu nyingine. Istilahi zinazoficha uhusiano huo humnyima mwanafunzi nusu ya maarifa.

4.0 Mifano Mitatu

Mfano wa kwanza ni kanyagio. Kiingereza hukiita kilango cha hewa cha injini ya petroli kwa neno lenye asili ya koo na maana ya kukaba, na wazungumzaji wake hulitumia neno hilohilo kwa kanyagio la dizeli. Mfasiri akilifuata atasema kwamba dereva wa dizeli hukaba au hukabua hewa. Hilo si kweli. Katika injini ya kawaida ya petroli kanyagio hufungua njia ya hewa, na mafuta hufuata. Katika dizeli kanyagio huagiza mafuta, na hewa huingia bila kukabwa. Kilango cha hewa kinachopatikana katika dizeli nyingi za leo kina kazi nyingine, kama vile kusaidia kurudisha moshi na kuzima injini bila mtikisiko. Waswahili kwa upande wao husema dereva anakanyaga mafuta. Usemi huu wa barabarani, ambao wengi wangeuona si wa kitaaluma, unaieleza dizeli kwa usahihi kuliko istilahi ya Kiingereza.

Mfano wa pili ni kipoza hewa. Jina lake la Kiingereza lina kiambishi chenye maana ya "baina", ambacho kinafaa sana pale hewa inaposhindiliwa mara mbili na kupozwa katikati. Katika lori la kawaida lenye tabo moja, kiambishi hicho hakimwambii mwanafunzi chochote, na "kipozi cha kati" humwacha akiuliza: kati ya nini na nini? Kipoza hewa hutaja kazi. Huenda mtu akapinga kwamba jina hilo linakaribiana na kiyoyozi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linajibika: kiyoyozi kimekwisha shika nafasi yake katika lugha, na penye hatari ya utata panaweza kuandikwa kipoza hewa ya tabo.

Mfano wa tatu ni ule mlango wa upande wa moshi. Kiingereza huuita kwa maneno yanayomaanisha lango la taka. Tafsiri sisisi ingemfanya mwanafunzi afikiri kwamba mlango huo hutoa uchafu, ilhali moshi wote, uliopita kwenye gurudumu na usiopita, huishia katika bomba lilelile. Kinachofanyika ni kuchepusha. Kiswahili kina neno mchepuo, linalotumika kwa barabara inayokwepa katikati ya mji, na dhana ni ileile. Mlango wa mchepuo ungetosha.

Kwa utaratibu huohuo, gurudumu la moshi na gurudumu la hewa ni majina yanayoonyesha jozi, na kitenzi kushindilia, kilichozoeleka katika kushindilia bunduki na shehena, hutoa kishindilizi, ushindiliaji na hewa shindiliwa bila kukopa. Kiwambo nacho, kutokana na kuwamba ngozi ya ngoma, hakihitaji msaada wa Kigiriki wala Kilatini.

5.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mafundi wamekwisha kukopa na hawatakubali maneno mapya. Ni kweli kwamba tabo, nozeli, pistoni na gasketi yamekaa, na hakuna sababu ya kuyang'oa. Jina la kitu kinachonunuliwa dukani hufuata bidhaa. Lakini mkopo hutaja kitu tu. Hauelezi kinavyofanya kazi. Fundi anaweza kuitambua tabo, akainunua na kuifunga, asijue kwamba udhaifu wa injini ulitokana na mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipoza hewa. Mpira huo ukipasuka, kiwambo au kompyuta hukosa shinikizo na kupunguza mafuta. Gari hukosa nguvu ingawa tabo ni nzima. Gharama ya kutoelewa hulipwa na mwenye gari.

Pingamizi la pili ni la umoja wa lugha. Fundi wa Mombasa au Dar es Salaam hukopa kutoka Kiingereza, na wa Lubumbashi kutoka Kifaransa. Hoja hii, badala ya kudhoofisha rai ya makala haya, huitia nguvu. Maneno ya mkopo huwatenganisha mafundi hao, lakini vitenzi kama kushindilia, kupoza, kuchepusha na kuchuja ni mali ya pamoja. Istilahi zilizojengwa juu ya vitenzi hivyo zina nafasi bora ya kuvuka mipaka.

Pingamizi la tatu ni kwamba wanaisimu si wahandisi. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu orodha ya maneno haitoshi. Kamati inayounda istilahi za injini ingekaa mbele ya injini iliyofunguliwa, ikiwa na mhandisi na fundi wa gereji, na ingefuata hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye bomba la moshi kabla ya kuandika neno hata moja.

6.0 Hitimisho

Istilahi ya ufundi kwa kawaida hupimwa kwa ufupi wake, uwazi wake na kukubalika kwake. Vipimo hivyo ni halali, lakini kipo kingine ambacho hakijapewa uzito wake, nacho ni hitilafu. Mwanafunzi aulizwe kwa nini lori linalopanda mlima linatoa moshi mweusi, naye ajibu kwa istilahi alizofundishwa: kwamba chujio limeziba na gurudumu la hewa halipati hewa ya kutosha, au kwamba kiwambo kimerekebishwa vibaya na mafuta yanatangulia hewa. Akiweza kutoa hoja hiyo kwa mfululizo bila kurukia Kiingereza, istilahi zimefaa. Akikwama, kosa halimo katika akili yake wala katika Kiswahili. Limo katika orodha iliyoanza kwa herufi A pale ambapo ingeanza kwa pumzi ya injini.