Stendi ya Ikweta Inayoshindwa na Ikweta
Karo ya semesta yangu ya mwisho ilienda kwa darubini. Boksi lilidai inakuza mara 525. Uongo mtupu: lenzi ya milimita 60 ikivuka mara 120 unaona ukungu tu. Na stendi yenyewe, ukipumua hivi, Zohali imetoroka.

Sasa muuzaji ananisukumia stendi ya ikweta, eti ndiyo ya wasomi. Zii! Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, na hapa Nairobi, digrii 1 na kitu kusini, ncha hiyo imelala karibu na upeo wa macho. Stendi nyingi haziinami hivyo.

Mimi nataka kioo cha milimita 150 kwenye sanduku la mbao, mtindo wa John Dobson. Fundi wa Gikomba ananitosha.