Roboti ya Mianzi na Maboksi: Zana ya Kufundishia au Pambo la Maonyesho?

Miongoni mwa zana ambazo wanachuo hupenda kuzitengeneza siku hizi kwa ajili ya maonyesho, sanamu ya roboti yenye kimo cha mtu imeanza kushika nafasi ya mbele. Si ajabu. Simu ya mkononi imewaonyesha vijana mambo ambayo zamani yalikuwa ya sinema za mijini, na kijana aliyezaliwa Kasulu au Kibondo leo analijua umbo la roboti kama anavyolijua umbo la trekta. Wapo wakufunzi wanaouona ufundi huo kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Wapo wengine wanaoshangilia kila kitu chenye waya. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Tunashikilia kwamba roboti ya kimo cha mtu, inayoendeshwa kwa mbali, yaweza kujengwa nyumbani au chini ya mwembe wa shule ya msingi, na kwamba yaweza kufundisha mengi kuliko chati kadhaa tulizozoea kuzitundika ukutani. Lakini thamani yake haimo katika roboti iliyokwisha kukamilika. Imo katika mikono ya wale walioijenga, na hapo ndipo tunapotofautiana na maonyesho mengi tuliyoyaona.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Neno roboti lilienea duniani kutokana na tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Limetokana na neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma maana hiyo haihitaji kamusi. Wakati wa ukoloni nchi ya Buha ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi. Wanaume walikwenda makundi kwa makundi kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake. Kiumbe anayefanya kazi bila kuulizwa, bila kujua kwa nini anaifanya, na bila kunufaika na matunda yake: huyo ndiye roboti aliyemfikiria Čapek. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye darasa.

Kujenga roboti nyumbani si jambo geni ulimwenguni. Mwaka 1928, Waingereza wawili, William Richards na Alan Reffell, waliunda mtu wa alumini wakamwita Eric, naye akasimama na kufungua maonyesho ya waunda vielelezo vya mashine mjini London. Kifuani alikuwa na herufi zilezile za tamthilia ya Čapek. Baadaye Eric alipotea, na mfano wake ulijengwa upya ukaonyeshwa mwaka 2017 katika jumba la makumbusho ya sayansi la mji huohuo. Aidha, tangu mwaka 1999 kuna chama cha watu wa nchi mbalimbali ambao kila mmoja hujenga kwake roboti ndogo ya mviringo iitwayo R2-D2, iliyopata umaarufu kwa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Hujenga kwa kimo chake halisi, kinachozidi mita moja kidogo, kwa mbao, plastiki au alumini, na huiendesha kwa redio. Wengi wao si wahandisi. Hufanya kazi hiyo jioni na siku za mapumziko. Wana fedha, hilo ni kweli.

Hata hivyo mfano unaotufaa zaidi uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi jirani. Mwaka 2013 mji wa Kinshasa uliweka katika njia panda roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Mkongo, Bibi Thérèse Izay Kirongozi. Zina kimo cha karibu mita mbili na nusu, zimetengenezwa kwa alumini ili zistahimili jua na mvua, nazo hupata umeme wa jua. Huinua mikono na kugeuka kama askari, na kifuani mwao huwaka taa nyekundu na kijani. Mwanachuo anayesema kwamba roboti ni mambo ya Wajapani na Wamarekani na alitafakari jambo hilo kabla ya kuendelea na usemi wake.

Sasa tuje Kagerankanda. Huko hakuna duka la mota, wala haitarajiwi mzazi achangie fedha kwa ajili ya sanamu. Lakini ipo mianzi. Yapo maboksi ya sabuni na ya biskuti yanayotupwa nyuma ya maduka. Yupo fundi baiskeli mwenye spoki zilizopinda na waya za breki zilizokatika, na yupo fundi redio mwenye kopo lililojaa vifaa vya redio za kaseti zilizokufa. Watoto wenyewe ni mafundi kabla hatujafika: gari la waya lenye usukani mrefu, ambalo mtoto huliendesha akiwa amesimama wima, tayari ni chombo kinachoendeshwa kwa mbali. Mwalimu anayeingia darasani kuwafundisha watoto hao wenzo na gurudumu kama kwamba hawajapata kuviona, huyo hajapita uwanjani wakati wa mapumziko.

Kwa nini basi tung'ang'anie kimo halisi, na tusitengeneze sanamu ndogo ya kuweka mezani? Kwanza, kwa sababu mwili wa mwanafunzi unakuwa ndio kipimo. Wanafunzi wa Darasa la Nne wakipimana wenyewe kwa wenyewe, kutoka begani hadi kwenye kiwiko na kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha wakakata mianzi kwa vipimo hivyo, wamesoma sentimeta kwa sababu wanazihitaji. Wakilinganisha urefu wa kichwa na urefu wa mwili, watagundua kwamba kichwa cha mtoto wa miaka kumi huingia katika kimo chake mara sita hivi, na cha mtu mzima mara saba au zaidi kidogo. Hiyo ni hesabu ya uwiano.

Pili, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, sanamu ndogo huficha matatizo ambayo sanamu kubwa huyafichua. Punguza kimo kwa nusu, nao uzito hupungua hadi sehemu moja ya nane, si nusu. Kwa hiyo mkono wa sanamu ya mezani huinuka kwa uzi tu, na mwanafunzi hana la kuuliza. Mkono wa kimo halisi hukataa. Tuchukue mkono wa mwanzi wenye urefu wa sentimeta 50 na uzito wa nusu kilo pamoja na maboksi yake. Uzito huo ni kama umetundikwa katikati ya mkono, sentimeta 25 kutoka begani. Tukifunga waya wa breki sentimeta 5 tu kutoka begani na kuuvuta, tutahitaji nguvu mara tano ya uzito huo, sawa na kunyanyua kilo mbili na nusu. Na zaidi ya hapo iwapo waya unavuta kwa mshazari. Mwanafunzi atavuta, bega litalia, na mwanzi huenda ukapasuka.

Mwalimu afanye nini wakati huo? Anyamaze. Tumewaona wanachuo wetu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha huko Kagerankanda, wakishindwa kuuvumilia ukimya wa dakika tatu, wakanyosha mkono na kurekebisha wenyewe. Aliyeweza kunyamaza alipata majibu matatu kwa wanafunzi wake: waya ufungwe mbali zaidi na bega, mkono upunguzwe uzito, na la tatu, lililotoka kwa msichana aliyekuwa amezoea kuona mizani ya dukani, mwanzi urefushwe upande wa nyuma ya bega na kutundikwa mfuko wa mchanga. Hesabu ikafanywa ubaoni. Mfuko wa kilo moja uliotundikwa sentimeta 12.5 nyuma ya bega hulingana na nusu kilo iliyo sentimeta 25 mbele yake. Baada ya hapo mkono uliinuliwa kwa kidole kimoja. Maneno egemeo, jitihada na mzigo yaliandikwa baadaye, nayo yaliingia vichwani bila kukaririwa.

Kuhusu kuendesha kwa mbali, wanachuo wengi hudhani kwamba bila mawimbi ya redio hakuna kitu. Ni kweli kwamba Nikola Tesla alionyesha mashua yake iliyoendeshwa kwa mawimbi ya redio huko New York mwaka 1898, na kwamba hata leo kifaa hicho chaweza kutolewa katika gari bovu la kuchezea. Lakini mwalimu wa shule ya msingi asianzie hapo, kwa kuwa njia hiyo huficha kila kitu ndani ya kisanduku. Aanze na waya wa breki, ambao hupeleka mvuto kutoka mkononi hadi begani. Kisha atumie maji. Mabomba mawili ya sindano, mapya, yasiyo na sindano zake, yakiunganishwa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, hupeleka msukumo kutoka bomba moja hadi jingine hata kama mpira umepindapinda. Kipenyo cha bomba la roboti kikiwa maradufu ya kile cha bomba la mwendeshaji, nguvu huwa mara nne, lakini mwendo hupungua mara nne. Hakuna kilichopatikana bure. Kiputo cha hewa kikibaki ndani, mkono huwa mlegevu, kwa sababu hewa hubanika na maji hayabaniki. Na hilo nalo ni somo.

Umeme uje mwisho. Mota ya redio ya kaseti, pamoja na betri mbili za tochi, ambazo wazee bado huziita mawe, hutosha kugeuza kichwa chepesi cha boksi. Waya zikibadilishwa, kichwa hugeukia upande wa pili. Tunakataza kabisa umeme wa nyumba, na pia betri kubwa za sola, kwani waya zake zikigusana huweza kuunguza mikono na hata nyumba.

Kwa kila njia tunasisitiza jambo moja: kifua cha roboti kibaki wazi. Chombo kinachosogea chenyewe, kimefunikwa kwa karatasi ya kung'aa na mwendeshaji amejificha nyuma ya pazia, huwafundisha watoto kwamba kuna nguvu zisizoelezeka na kwamba mwalimu ndiye mwenye siri yake. Mwendeshaji asimame mbele za watu, na kila mtoto apate zamu ya kushika usukani. Tena wanafunzi waambiwe ukweli kwamba roboti yao haifikiri. Inatii tu mkono ulioshika waya. Katika zama hizi, ambapo mashine hupewa sifa za akili, ni vema mtoto azoee mapema kuuliza ni nani aliyeshika waya.

Sasa turudi kwenye shokoa. Tumepata kushuhudia maonyesho ambapo roboti nzuri sana, yenye macho ya kuwaka, ilishangiliwa na wageni. Tulipouliza tukaambiwa kwamba ilitengenezwa na fundi wa mjini kwa malipo. Wanafunzi walikuwa wamechanga fedha, wavulana wakabeba mbao, na wasichana wakafagia ukumbi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutueleza kwa nini mkono ulikuwa unainuka. Hapo roboti hawakuwa mmoja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikusudia mtoto afanye kazi huku akielewa kazi hiyo. Lakini shule nyingi zililigeuza shamba la shule kuwa mahali pa kulimia tu, jembe bila somo. Tutakuwa tumerudia jambo lilelile kwa vifaa vipya iwapo tutawapa watoto kazi ya kubeba na kuwanyima kazi ya kufikiri.

Tunaujua ubishi utakaotolewa: darasa lina wanafunzi wengi mno, muhtasari ni mrefu, na mtihani hauulizi roboti. Ubishi huo una uzito. Kwa wingi wa wanafunzi tunashauri kwamba kila kundi lipewe kiungo kimoja, na mkono wa kushoto usingoje mkono wa kulia. Viungo visipolingana, ndipo makundi yatakapolazimika kuzungumza. Kwa muhtasari, mwanachuo aandike katika andalio lake la somo mada halisi za vipimo, mashine rahisi na umeme, na roboti iwe mahali mada hizo zinapokutana. Kuhusu mtihani hatuna ahadi ya kutoa. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wamebakiwa na majuma matatu tu kabla ya mtihani wa mwisho asiianze kazi hii.

Na roboti ikikwisha kukamilika? Chuoni kwetu tunapendekeza isiwekwe kabatini wala ofisini kwa mwalimu mkuu. Ikae darasani majuma mawili, kisha ibomolewe na wanafunzi walewale, kiungo kwa kiungo, huku wakieleza kila kimoja kilifanya kazi gani. Spoki na waya virudi kwa fundi baiskeli, mota iingie katika kopo lake, mchanga umwagwe. Vipimo na michoro vibaki katika daftari la darasa, pamoja na orodha ya mambo yaliyoshindikana, ili watoto wa mwaka unaofuata wakate mianzi yao wenyewe kwa vipimo vya miili yao wenyewe.