Neno "Gift" na Hoja ya Maana Asilia

Katika mijadala yetu ya leksikografia imekuwa desturi kutafuta maana "sahihi" ya neno katika asili yake. Neno la Kiswahili likionekana kuachana na mzizi wake wa Kiarabu, baadhi yetu husema kuwa limepotoshwa. Maoni yangu ni kwamba hoja hiyo haina msingi, na neno fupi la Ulaya, gift, latosha kulidhihirisha jambo hili.

Katika Kiingereza neno hili lina maana ya zawadi. Katika Kijerumani ni sumu. Katika Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe ni sumu pia, na vilevile ni kivumishi chenye maana ya aliyeoa au aliyeolewa. Hata hivyo, chimbuko lao ni moja, nalo ni kitenzi cha Kijerumaniki cha kale chenye maana ya kutoa au kupa. Maana ya ndoa ilitokana na kumtoa binti aolewe. Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilihusu mahari. Maana ya sumu ilizuka kwa kuiga neno la Kiyunani dosis, yaani utoaji, lililotumiwa na matabibu kwa kipimo cha dawa. Kisha tasfida ikaikamilisha kazi hiyo. Kijerumani kingali na neno Mitgift, yaani mali anayopewa bibi arusi na wazazi wake, ambamo hamna dalili yoyote ya sumu.

Je, ni lugha ipi iliyokosea? Hakuna. Anayemwambia Mjerumani kwamba Gift "hasa" ni zawadi atakuwa amesema kweli kihistoria na kukosea kisemantiki; na neno hilo likiwa limeandikwa kwenye chupa, kosa lake laweza kuua.

Nasi tuna mifano yetu. Dosis hiyohiyo imetufikia kupitia Kiingereza ikiwa dozi. Neno zawadi lenyewe latokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu masurufu ya safari, lakini mtoto anayezawadiwa kwa kufaulu mtihani hatarajiwi kusafiri.

Kwa hiyo, kamusi zetu ziendelee kuonyesha asili ya maneno, kwani hiyo ni sehemu ya historia yetu. Fasili ya kidahizo, hata hivyo, itokane na matumizi ya wasemaji. Asili ni shahidi wa safari ya neno. Haifai kufanywa hakimu wa maana yake.